Isale Nililopokea Nyuma ya Kanisa

Kama unataka hadithi ya kutungwa, katafute kwingine. Mimi sijui kutunga, nilifundisha hesabu mpaka nikastaafu. Niliyoyaona nimeyaona, tena si usiku, ni alasiri, ukungu umeshuka hapa Old Moshi mpaka mnara wa kanisa hauonekani.

Usharika wetu ulikuwa unajiandaa na jubilei, na kazi ya kuandika historia nilipewa mimi. Niliifanya kifua mbele, sikufichi. Sisi Wachagga ndio tuliochimba mahandaki chini ya migomba kwa mikono yetu enzi za vita vya zamani, tukaingiza humo watoto, ng'ombe na moto wa kupikia, adui akapita juu asijue kitu. Nani mwingine kafanya hivyo? Tatizo ni kwamba mlango wa handaki letu ulikuwa umepotea. Wazee walisema tu kwamba lipo upande wa kanisa, kisha wakafa. Mtaalamu wa mambo ya kale, binti mpole kutoka chuo, alichimbachimba wiki nzima akaambulia vigae vya vyungu.

Na Jumatatu katapila lilikuwa linakuja kuchimba msingi wa ukumbi, palepale nyuma ya kanisa. Mwenyekiti wa ujenzi ni shemeji yangu Elikana, mume wa dada yangu. Nilimsihi asubiri. Akanijibu mbele ya wazee wa kanisa, "Mwalimu, kwa hiyo harusi za watoto wetu tutafanyia kwenye shimo lako?" Watu wakacheka. Nikanuna, nikaapa sitamsemesha tena.

Basi Ijumaa natoka kukata majani ya ng'ombe, nikakutana na mama mmoja nyuma ya kanisa. Mzee kwelikweli, miguu peku, na yeye amejitwisha mzigo wa majani. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Hakuitikia. Alininyooshea mikono yote miwili, ameshika jani la isale.

Kama si mtu wa kwetu nikueleze kidogo. Isale ni ule mmea tunaoupanda mipakani na makaburini. Mchagga akikuletea isale anaomba msamaha, na kulikataa huwezi, hata kama amekuchomea nyumba.

Akasema kwa Kichagga cha zamani, kile cha bibi yangu, "Tusamehe. Tuache tukae."

Unadhani niliogopa? Wapi! Nilifurahi. Nikajua shemeji kasalimu amri, kamtuma mzee wa ukoo wao aje amwombee radhi. Nikalipokea kwa mikono miwili, nikasema, "Nimesamehe, kaeni kwa amani." Akainamisha kichwa, akashuka kwenye migomba. Jambo moja tu lilinitatiza: manyunyu yalikuwa yamenilowesha chepechepe, lakini majani yake yalikuwa makavu kabisa, yananukia jua.

Sikwenda hata nyumbani. Nilimwekea Elikana isale mezani kwake. "Haya, nimekusamehe. Sasa mwambie mwenye katapila asije."

Akaliangalia, akanywea. "Mwalimu, mimi sijamtuma mtu."

"Acha utani, shemeji."

"Haki ya Mungu. Na isale la pale nyuma ya kanisa nimeling'oa lote jana, nikalichoma. Hili umelitoa wapi?"

Dada akaweka sufuria chini. Safari hii hakuna aliyecheka.

Tukaenda wote watatu kabla giza halijaingia. Njia ilikuwa tope tupu. Nyayo zangu zipo, za yule mama hakuna hata moja. Nikawaonyesha alikoingia. Elikana akatangulia, na kando ya mgomba mmoja mkubwa mguu wake ukazama mpaka pajani. Pakatoka hewa ya baridi na harufu ya moshi wa kuni, niamini mimi, kana kwamba jiko limezimwa sasa hivi. Elikana alilia, mwanamume mzima. Alijua isale aliling'oa mlangoni kwa nani.

Katapila halikuja. Binti wa chuo alirudi, akaingia ndani, akakuta vyumba, meko, jiwe la kusagia, pa kufungia ng'ombe na matundu ya hewa. Akatoka na vumbi usoni akasema, "Mwalimu, waliochimba hapa walikuwa mafundi." Nikamwambia, "Ni wa kwetu hao." Ukumbi ukajengwa upande wa barabarani. Siku ya jubilei nilisoma historia yetu nimesimama mdomoni mwa handaki, Elikana amenishikia mwavuli, na sijawahi kujivunia kuzaliwa hapa kama siku ile.

Ila sikubaki nilivyokuwa. Ng'ombe wangu hawapiti pale hata uwaburute. Mimi nikipita nasema shikamoo, na zipo siku naitikiwa marahaba kutoka chini, si na sauti moja. Nywele zinanisimama, lakini naendelea kusalimia.

Kwa hiyo wewe unayekuja kununua kiwanja huku mlimani, sikia. Usianze na jembe. Simama, piga hodi, ungoje. Wenyewe wapo.