Mama wa Makala ya Nyiragongo

Mama anayebeba makala yetu, makaa ya kuota moto huko juu, hakai njiani. Kutoka Kibati hadi ukingoni mwa volkano ya Nyiragongo, mwendo wa masaa matano, sisi wapagazi wanaume tunatua mizigo mara saba, tukiwalaani watalii na haraka zao. Yeye husimama tu, huchomeka fimbo chini ya gunia, huliegemeza hapo, hupuliza pumzi taratibu kama mtu anayepoza chai, kisha husonga. Kamba ya gunia, anayoipitisha kichwani, imemwachia mfereji kwenye paji la uso, na kidole chake cheusi kwa makala hupita humo kila anapofikiri. Viatu hana habari navyo. "Ukiikalisha miguu," anasema, "itajua kama imechoka."

Jumamosi ile walikuja Wabelgiji wanne wa kupanda milima, na kiongozi wetu, citoyen Munyakazi, akamfuta kazi mbele yao. "Mwanamuke hawezi fika juu na baridi ile. Rudi kwenu Masisi, kwenye viazi!" Mama alipitisha kidole kwenye paji, akajitwika gunia lake, akatangulia peke yake. Mvua ya mawe ilitukuta kwenye mwinuko mkali wa mwisho. Mbelgiji mmoja alitapika. Munyakazi mwenyewe alipanda kwa mikono na magoti. Tulipofika juu, moto wa makala ulikuwa unawaka ndani ya kibanda cha kulala wageni. Mama alikuwa mlangoni, paji wazi bila kamba, mikono yote miwili mbele, kama mwenye nyumba.

"Karibu kwangu, papa Munyakazi. Pole na safari."