R Iliyotaka Kumfunga Mtu

Wasomaji wa vitabu vyangu vya upelelezi, vile vya Dar es Salaam ya wakati wa Wajerumani, huniuliza kwa nini mpelelezi wangu haamini maelezo yaliyoandikwa. Lazima amwite shahidi, amwambie arudie kwa mdomo. Wengine wanalalamika kwamba anachelewesha hadithi. Na wavumilie. Kazi hiyo mimi nilijifunza kwa aibu, Iringa, miaka ya hamsini, nilipokuwa karani wa baraza.

Nilikuwa kijana wa Kinyakyusa, nimetoka Mbeya na cheti changu na kaptula ya pasi, najiona. Katika lugha yetu herufi R haipo. Shuleni mwalimu alinichapa sana kwa kuandika "balua" na "balabala", hata nikaanza kuiogopa L. Kila nilipopata wasiwasi niliweka R, nikaamini ndicho Kiswahili safi.

Siku moja askari wa baraza walimleta mkulima mmoja aliyetoka Mbeya kutafuta kazi. Alionekana jioni kando ya zizi la mzee mmoja, na asubuhi yake ng'ombe wawili hawakuonekana. Kwa lafudhi tu nilijua ni Mnyakyusa mwenzangu, lakini nilimhoji kwa Kiswahili, watu wasije wakasema nambeba. Nikamwuliza alifuata nini zizini. Akajibu maneno mawili tu, kwa woga. Nikaandika: "Natafuta mahari." Akatia dole gumba.

Nilifurahi, nakiri. Siku hizo mahari ilikuwa ng'ombe, kwa hiyo nilikuwa nimeipata sababu ya wizi kwa sentensi moja. Askari walinisifu. Kesi ikapangwa kesho yake, na hakuna aliyekuwa na shaka kwamba mtu yule anakwenda jela.

Asubuhi nilipita mahabusu. Akaniita dirishani.

"Bwana kalani, naomba uniandikie balua. Mke wangu na watoto hawajui niko wapi."

"Una mke?" nilishangaa. "Sasa mahari ilikuwa ya nani?"

"Mahali pa nani tena, bwana kalani? Mahali pa kulala! Giza lilikuwa linaingia, nikaona zizi, nikajua watu wako kalibu."

Mtu anayeniita kalani, anayesema balua na kalibu, R ya "mahari" angeitoa wapi? Ilikuwa yangu. Niliiweka mimi, kwa mkono wangu, na kwa mwandiko mzuri.

Ningeweza kunyamaza. Dole lilikwisha tiwa, na karani anayeharibu maelezo hufukuzwa. Mama yangu alikuwa ameshawatangazia watu wote wa kanisani kwamba mwanawe ni karani. Niliyafikiria hayo njia nzima hadi barazani, wala sitajidai kwamba sikuyafikiria.

Hakimu alikuwa mzee wa Kihehe ambaye R yake mwenyewe ilikuwa ya kubahatisha. Kabla hajaanza kusoma nilisimama.

"Mzee, maelezo hayo yana kosa. Kosa ni langu."

Nikaeleza, jasho likinitoka. Akamgeukia mshitakiwa.

"Sema karatasi."

"Kalatasi."

"Sema barabara."

"Balabala."

Watu waliangua kicheko, hata mwenye ng'ombe. Hakimu hakucheka. Aliuliza kama kuna yeyote aliyemwona mtu huyu akiswaga ng'ombe. Hakuna. Akauliza habari za zizi. Mwenye ng'ombe, kwa shingo upande, akakiri kwamba ua umebomoka upande mmoja, na kwamba ng'ombe wale wale walishawahi kutoroka.

"Basi aende zake," hakimu alisema. "Na wewe karani, kuanzia leo utamsomea mtu maelezo yake kwa lugha yake, ndipo atie dole. Umesikia?"

Kwa nafuu niliyoipata nilianza kulia mbele za watu, karani mzima, kamasi juu ya daftari la serikali. Askari walitazama pembeni. Yule mkulima, aliyekuwa afungwe kwa kosa langu, ndiye aliyekuja mezani akanishika bega.

"Basi, ndugu yangu, basi," aliniambia. "Yamekwisha."