Nyumba Iliyopitwa na Baiskeli

Mwanangu, wewe unayesomea ustawi wa jamii, keti kidogo nikupe habari ya kwetu Kishanda. Iko siku moja haijanitoka mpaka leo, na siku hiyo nilikuwa msichana mwenye wivu mkali.

Ukimwi ulikuwa umemchukua baba, kisha kaka. Mama akanyamaza. Alikaa akiutazama ukuta, ndizi nilizompikia zikapoa mbele yake, nami nikaogopa kwamba nitamzika na yeye.

Kila wiki binti mmoja wa mjini, kutoka Bilele, aliyekuwa akijifunza kazi ya kuwashauri wafiwa, alipita na baiskeli yake kwenda kwa jirani yetu mwalimu, mjane pia. Kwetu aliingia mara moja tu. Alimsalimu mama kwa Kiswahili cha ofisini, hakujibiwa, akaona huyu hataki msaada. Naye alikuwa Mhaya mwenzetu, ila huko mafunzoni walimzoesha kwamba lugha ya kazi ni Kiswahili. Kwa mwalimu, aliyekizoea Kiswahili, maongezi yalinoga. Nilisikia vicheko vyao huku nikimenya ndizi, na roho iliniuma kwelikweli.

Siku hiyo nikamsubiri njiani na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile tunayompa mgeni. Nikamwambia, "Dada, hata kwetu kuna msiba. Mama yangu analia kwa Kihaya."

Alishuka kwenye baiskeli, akaona aibu. Akaingia, akapiga magoti mbele ya mama kama binti wa nyumbani. "Mpola, waitu," akampa pole kwa Kihaya. Kisha akatafuna kahawa, akangoja bila haraka.

Mama akaongea. Nikiwa nje ya mlango nilimsikia akimtaja kaka kwa jina, na badala ya kushukuru nikawaka wivu upya. Miezi yote nimemlisha, nimemwosha, halafu maneno anampa mgeni. Ndipo mama akasema, "Huyu binti yangu, kila nikimtazama naona nitakavyomwacha peke yake. Ndiyo maana naangalia ukuta."

Niliingia nikalaza kichwa kwenye mapaja yake. Jioni ile alikula.

Basi, mwanangu, nyumba ambayo maongezi hayanogi ndiyo uirudie, na uongee lugha ambayo mwenye nyumba analia nayo. Na mtu akikufungulia moyo, usijione bingwa. Nje ya mlango yupo anayekuonea wivu, mwite aingie. Mungu akupe magoti mepesi na masikio yasiyochoka, na usipite mlango wa mtu anayekungoja.