Nyumba ya Baba kwa Matofali ya Plastiki

Wenzangu mliowahi kufyatua matofali kwa ganda la kiberiti, sogeeni karibu, haya ni yetu. Ninyi wengine mliozaliwa mkakuta kila kitu kimo ndani ya simu, endeleeni tu na shughuli zenu, tutawaita chakula kikiiva.

Sisi kule Mwaya, kijijini kwetu Kyela, tulijenga. Masika ikipungua na maji yakirudi mtoni, nyuma ya migomba ya nyumbani kulibaki udongo mweusi unaonata vidoleni kama ndizi iliyopondwa. Kaka yangu Ambakisye, aliyenizidi miaka minne, ndiye aliyekuwa mkandarasi. Mimi, Tupokigwe, nilikuwa kibarua, mbeba maji na mfukuza kuku. Kalibu yetu ilikuwa kile kidroo cha ndani cha kiberiti. Unakilowesha, unashindilia udongo, unasawazisha juu kwa kijiti, unapindua, unagonga mara moja, na tofali linatoka na pembe zake zote. Tatizo ni kwamba kidroo kikishalowa mara kadhaa kinafumuka, kwa hiyo tulihitaji viberiti vingi kuliko familia yoyote kijijini. Mama alikuwa anakuta njiti zimerundikwa ndani ya kikombe, bila pa kuziwashia, na anasimama mlangoni kuuliza kama tunataka tule mchele mbichi.

Matofali yakikauka tuliyapanga tanuru, tukaacha vinjia vya moto chini, tukamwaga pumba kutoka mashine ya kukoboa, tukawasha. Pumba haziwaki kwa fujo. Zinafuka moshi taratibu siku mbili, na moshi ule ulichanganyika na ule ukali wa kakao iliyoanikwa kwenye mikeka, na usipa wa jirani, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, waliokuwa wanakauka juu ya kichanja. Hadi leo nikinusa pumba zinazoungua natafuta wapi nilipoweka ndoo ya maji.

Baba alikuwa fundi mwashi. Jioni akitoka kazini alichuchumaa mbele ya nyumba yetu yenye urefu wa goti, akatoa timazi mfukoni, akaining'iniza kando ya ukuta na kufumba jicho moja. "Huu umelala," anasema. "Bomoeni." Kisha anaenda kuoga. Hakuna pongezi, hakuna pole. Tulibomoa, tukalia kidogo, tukajenga upya. Leo nikimwambia mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu arudie mchoro wa ramani, jioni mzazi wake ananipigia simu kuniuliza kwa upole kama nina matatizo nyumbani.

Nyumba tulimozaliwa aliijenga baba mwenyewe, kwa matofali aliyoyafyatua na kuyachoma mwenyewe. Ilikuwa na baraza mbele, vyumba vitatu, na jikoni kidirisha ambacho mama alipitishia vyungu kwenda uani. Baba alipofariki, mama alibaki humo na Ambakisye na mkewe. Mimi nilikuwa nimeshaolewa, nafundisha mjini Kyela, nakaa mtaa wa Bondeni. Mama naye alipofariki, hazikupita wiki nyingi nikaambiwa na mwanamke mmoja muuza ndizi sokoni, huku ananichagulia mkungu, kwamba kaka yako amebomoa nyumba ya baba yenu na anajenga ya kisasa. Na kweli alijenga. Ina nguzo mbele kama benki, madirisha ya alumini, na marumaru ambazo hazikutosheka na sakafu, zikapanda hadi ukutani nje kama bucha.

Sikupiga kelele. Nilifanya kibaya zaidi, nikanyamaza. Nilinyamaza miaka sita. Tulikutana misibani tu, nikamsalimia kama anavyosalimiwa afisa mtendaji wa kata, nikaenda kukaa upande mwingine wa turubai. Ndani ya hiyo nyumba yake sikukanyaga.

Sasa haya ya plastiki. Binti yangu Bupe, anayeishi Dar es Salaam, alikuja likizo ya Desemba na mwanawe Neema, mwenye miaka tisa, na ndoo iliyojaa matofali ya plastiki ya kuchezea. Bupe alinieleza kwamba yanakuza akili ya mtoto. Neema aliifungua ndoo, akatazama ndani kama mtu anayetazama dawa ya minyoo, akaniuliza chaja iko wapi. Alikuwa anajenga, tena sana, lakini ndani ya simu. Alikuwa na ghorofa, bustani na bwawa la kuogelea. Umeme ulipokatika, na Kyela umeme una tabia zake, simu ikazima, na mjukuu wangu akakaa juu ya mkeka kama mtu aliyehamishwa kupisha barabara. Nikamwambia kuna udongo huko nje. Akaniuliza, "Udongo wa nini, Bibi?"

Waliondoka, ndoo ikabaki. Nilikutana nayo tena mvua za Aprili, shule zimefungwa. Nilikuwa nafagia pekupeku nikakanyaga kitofali kimoja kilichojificha chini ya kochi. Nimezaa watoto watatu, najua maumivu ni nini, lakini kile kitofali nakiheshimu. Nilikiokota nikitaka kukirudisha kwenye ndoo, nikakibandika juu ya kingine ili visipotee. Vikashikana, tak. Nikaongeza cha tatu. Baba Bupe aliporudi alikuta mkewe wa miaka hamsini na minane, mwalimu wa jiografia, mzee wa kanisa, amekaa sakafuni miguu imenyooka, anajenga choo.

Baba Bupe ni mwenyeji wa Singida aliyepangiwa kazi ya kilimo huku akazeekea huku, analalamikia mvua yetu kila siku na hajawahi kuomba uhamisho. Alisimama akatazama. "Wamekushusha chekechea?" aliuliza. Kesho yake alikuta ukuta umefika dirishani. Mimi pia ni mjumbe wa kamati ya ujenzi wa kanisa letu, ambayo imekuwa ikijadili choo kimoja tangu Bupe hajaolewa. "Choo cha kanisa nacho kingekuwa cha plastiki," alisema, "mngekuwa mmeshamaliza."

Nilihamia mezani, nikabomoa choo, nikaanza kujenga nyumba ya baba. Sikupanga hivyo. Mikono ilianza na baraza, na baada ya baraza hakuna kingine kinachoweza kufuata. Rangi hazikutosha, kwa hiyo kuta zilikuwa nyekundu, njano, buluu na kijani, kama vile kila chama cha siasa kimechangia. Lakini vyumba vilikaa mahali pake, na mlango ukakaa mahali pake. Nilipofika jikoni nikakwama. Kile kidirisha cha mama kilikuwa kushoto kwa mlango au kulia? Nilifumba macho, nikamwona mama, nikaona chungu, ukuta sikuuona. Picha hatukuwa nayo. Duniani walibaki watu wawili tu wanaojua, kaka yangu na mkewe.

Nilizunguka na simu mkononi asubuhi nzima. Mchana nikapiga.

"Ugonile, Kaka," nilisema. Ndiyo salamu yetu, umelalaje, ingawa jua lilikuwa utosini.

"Amefariki nani?" akauliza Ambakisye.

"Hajafariki mtu. Nauliza, kile kidirisha cha jikoni kilikuwa kushoto kwa mlango au kulia?"

"Jikoni wapi?"

"Nyumbani. Kwa baba."

"Tupo, nyumba ile haipo."

"Kwamba haipo najua. Nimeuliza kidirisha."

Akakata simu. Nikajiambia basi, sasa itakuwa miaka kumi na mbili.

Siku ya pili yake, kwenye saa nne asubuhi, bajaji ilisimama nje na mvua inanyesha. Akashuka kaka yangu, goti lake moja bovu, mkungu wa ndizi begani, na samaki wawili, mbasa wanene, wamefungwa kwenye jani la mgomba. Baba Bupe alimpokea mizigo, akasema karibu shemeji, kisha akakumbuka ghafla kwamba ana jambo la haraka kwa jirani. Ambakisye alivua koti la mvua, akavaa miwani, akasogelea meza. Hakukaa.

"Baraza haikuwa ndefu hivi," alisema.

"Ilikuwa ndefu. Nilikuwa nalala juu yake najinyoosha, nafasi inabaki."

"Ulikuwa mfupi."

Alivuta kiti. Bila kuniomba ruhusa alitoa matofali manne ya baraza, akanirudishia mkononi. Kisha akaweka kidole jikoni. "Kidirisha kulia. Mama alikuwa anashika chungu kwa mkono huu, anageuka hivi." Akageuka, na nikamwona mama pale kwenye kiuno cha mzee wa miaka sitini na miwili. Nikatoboa ukuta kulia. Tukajenga, yeye anachagua, mimi nabandika, kama zamani, isipokuwa sasa kibarua alikuwa na digrii.

Halafu akagonga ukuta wa nyuma kwa kucha. "Huu umeujenga mzima."

"Ulikuwa mzima."

"Ulikuwa mzima ulipoondoka wewe."

Akanieleza, bila kunitazama, macho kwenye kitofali cha njano. Mama akiwa bado hai, mwaka wa kwanza wa mafuriko, maji ya mto yaliingia ndani hadi usawa wa kitanda. Mwaka wa pili yakaingia tena. Kona ya nyuma ikaanza kuzama, ukuta ukapasuka, ufa ukapanuka hadi mkono unapita. Mama akahamishiwa chumba cha mbele. Alikataza nisiambiwe, alisema nitakuja na kelele zangu asubuhi na jioni nitarudi mjini. Wiki tatu baada ya kumzika, kona ile ilianguka yenyewe mchana kweupe. Mke wake alikuwa ametoka tu mle ndani kwenda kuanua kakao.

"Kwa nini hukuniambia hata hapo?" niliuliza. "Miaka sita nimekuchukia."

"Ningekuambia nini? Kwamba nyumba ya baba imeanguka? Fundi yule?" Alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Aliweka msingi mfupi, Tupo. Wakati anajenga maji hayakuwa yanafika pale, hakujua. Lakini watu wangesema. Nikaona bora waseme mimi ndiye niliyebomoa."

Nikakumbuka matanga ya mama. Nilikaa siku tatu katika nyumba ile. Kwenye chumba cha nyuma kulikuwa na kabati kubwa limeegeshwa mahali pa ajabu, katikati ya ukuta, na mimi nikasema moyoni kwamba Mungu amjalie wifi yangu, anajua kupanga vyombo. Sikulisogeza lile kabati nione kama kuna ufa nyuma yake. Sikuuliza. Miaka miwili ya mafuriko nilikuwa napita barabarani na gari la shule, nakwenda kusimamia mitihani, napunga mkono dirishani. Kisha nikajipa kazi ya kuiombolezea nyumba ambayo ilipokuwa inaanguka sikuwa na nafasi ya kuitembelea. Nimewacheka sana watu wa aina hiyo katika maisha yangu, kwa jina, na mbele ya watu.

"Matofali yake yako wapi?" nikauliza mwishowe.

"Yaliyo mazima niliyaingiza kwenye msingi mpya. Nimeuinua hadi hapa." Akaonyesha kifuani. "Hakuna hata moja lililotupwa."

Nikanyoosha mkono nibomoe kona ya nyuma, iwe kama ilivyokuwa. Akanizuia. "Iache," alisema. "Hapa mezani hakuna mto."

Nilimpikia mbasa wake na ndizi. Alipomaliza kula alisema "ndaga fijo", yaani asante sana, akaondoka na bajaji ileile iliyomleta. Baba Bupe akarudi kutoka kwa jirani akiwa amelowa, kwani jirani mwenyewe hakuwepo.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Mwaya. Nilivua viatu kwenye ile baraza yenye nguzo, nikaingia. Marumaru zinateleza, kochi limevikwa vitambaa hadi miguuni, saa ya ukutani ina picha ya maporomoko ya maji ambayo hayapo popote Tanzania. Nje mvua ilikuwa inanyesha kweli, na ndani palikuwa pakavu. Ni nyumba nzuri. Sijamwambia hivyo, atavimba kichwa. Wifi aliandaa mezani, na kila mmoja wetu, mimi, yeye na Ambakisye, akawekewa sahani yake ya udongo mweupe yenye maua, uma upande huu, kijiko upande ule, kama wageni wa mkuu wa wilaya.

Nilikula taratibu, nikiwaza mambo ya enzi zile. Tulikuwa tunagombana, jamani. Ambakisye alishanifungia kwenye banda la mbuzi, mimi nilishamwagia maji ya usipa kwenye daftari lake. Lakini ugomvi wa asubuhi haukuweza kufika jioni, kwa sababu watoto wote nyumbani tulikuwa na sahani moja, na usiposogea kula na adui yako unalala njaa. Siku hizi Mungu ametubariki. Kila mtu ana sahani yake, na unaweza kumnunia ndugu yako miaka sita, ukashiba kila siku.