Makunyanzi Niliyompa Bibi wa Watu

Msinicheke kabla sijamaliza. Nilikuwa nimerudi kutoka Tanzania, nafinyanga vyungu na kuvichora hapa Gisenyi, ukingoni mwa ziwa Kivu. Kwa miezi mingi wapita njia walivishika tu na kuvirudisha. Ndipo akaja Papa Furaha, mvuvi wa Nyamyumba, mteja wangu wa kwanza kuagiza chungu chenye sura ya mtu.

"Mama, unichoree bibi yangu. Picha yake yote ilipotea tukikimbia vita."

"Yukoje?"

"Uso ya duara, mwanya mbele. Nilipogonjwa alinilisha na kijiko sawa mutoto. Bila yeye, mi nilishakufa."

Machozi yalinilenga. Nilimkumbuka bibi aliyenilea Bukoba, nikachora kwa mapenzi yote: mvi, macho ya huruma, makunyanzi mpaka kwenye kope. Nikakichoma chungu, kikatoka bila ufa. Nilijisifu kweli.

Siku ya kukichukua, Papa Furaha alikuja na mwanamke kijana, mtoto mgongoni. Nikamchangamkia.

"Karibu, mjukuu! Bibi hakuweza kuja?"

Papa Furaha akanitazama, akakitazama chungu.

"Bibi ni huyu! Mama Furaha!"

Ndipo nikakumbuka kwamba huku bibi ni mke. Nilitamani ziwa linimeze. Rangi ilishachomwa, haifutiki tena.

Mama Furaha akapitisha kidole polepole juu ya yale makunyanzi, kisha akacheka mpaka mtoto akaamka.

"Angalia, Papa Furaha! Donc, basi, tutazeeka pamoja."