Disketi ya Kumi na Mbili

Watu walimwita Disketi, naye akaitika, maana jina la utani ukilikasirikia ndipo linapoganda. Alikuwa na miaka sitini kasoro miwili, na kazi iliyombakia ilikuwa kuhudumia vitu ambavyo hata waliovitengeneza walishavisahau. Mji mzima ulibakiwa na mashine tatu zinazotumia disketi, na zote tatu zilimtegemea yeye.

Moja ilikuwa kwenye karakana ya sare za shule, nyuma ya duka la rangi. Ilikuwa mashine ya kudarizi yenye sindano sita, na aliyeiendesha ni mke wake. Kwa miaka ishirini na miwili mama huyo alichagua disketi, akaisukuma tumboni mwa mashine, na nembo ya shule ikatokea kifuani mwa sweta.

Sasa kisomaji cha ile mashine kilikuwa kinakata roho, na vipuri havipatikani. Bosi wa karakana alisema waziwazi: "Fundi, ikishindikana wiki hii naiuza chuma chakavu, naleta mpya. Na mpya ina wenyewe, vijana wa kompyuta." Hakumtazama mke wa Disketi aliposema hivyo, lakini hakuna ambaye hakuelewa.

Disketi alikuwa na dawa. Kilikuwa kiboksi kidogo kinachokaa kwenye tundu lilelile la kisomaji. Unakichomekea flashi, nacho kinaidanganya mashine kwamba imelishwa disketi. Mashine ya zamani haiulizi maswali, mradi ipewe ilichokizoea. Kilichobaki ni kunakili disketi arobaini na moja kwenye flashi, kwa kutumia kisomaji chake kizima cha mwisho, alichokitunza miaka kumi ndani ya soksi.

Kazi hiyo ina sharti, na ni yeye aliyelihubiri hadi masikio ya watu yakachoka. Kwanza unafungua kifuniko kidogo cha bati cha disketi, unautazama utando wa ndani kwenye mwanga. Ikiwa na ukungu, haiingii. Ukungu hunasa kwenye kichwa cha kisomaji, na kichwa kichafu hukwangua kila disketi inayofuata. Na moja ikikataa kusomeka, usijaribu nyingine, safisha kwanza. Mkewe alimwigiza nyumbani, akiinua sahani kwenye mwanga kabla ya kupakua, na watoto wakavunjika mbavu.

Siku ya kunakili, bosi alivuta kiti akaketi karibu na bega lake. Mkewe alisimama upande wa pili, akimpa disketi moja moja. Kumi na moja za kwanza zilikwenda salama. Kila moja Disketi aliiinua, akaichungulia, akaiingiza.

"Kwani unazisomea dua?" bosi akauliza. "Watu wanasubiri masweta, fundi. Mpya haina mambo haya."

Yale maneno yalimchoma. Ya kumi na mbili akaisukuma bila kuitazama.

Ilikuwa ya klabu moja iliyokufa zamani, haijaguswa miaka, imelala kabatini penye unyevu. Kisomaji kikaikataa. Hapo ndipo alipopaswa kusimama na kuomba pamba. Lakini mtu akishaingiwa na aibu hasikii hata mafundisho yake mwenyewe.

"Hii imejifia," alisema, akanyoosha mkono. Mkewe alikawia kidogo, kisha akampa ya kumi na tatu. Ikakataa. Ya kumi na nne vilevile. Ya kumi na tisa ilipokataa ndipo alipoifungua, akaona duara jembamba limekwanguliwa kwenye utando wa kahawia, linapitisha mwanga. Akazifungua na zile nyingine. Zote zilikuwa nalo.

Alisafisha kichwa kwa spiriti, pamba ikatoka nyeusi. Ishirini na mbili zilizobaki alizinakili akizichungulia moja moja, na hakuna aliyemharakisha tena. Lakini la kuvunda halina ubani. Saba zilizofuata ile ya klabu ndizo zilizobeba nembo za shule zote ambazo bado zilikuwa wateja. Alipokifunga kiboksi kwenye tundu lake, mashine iliwaka, ikasoma, ikadarizi nembo ya hoteli iliyofungwa zamani. Ilidarizi vizuri kabisa.

"Zinaweza kuchorwa upya," Disketi akasema.

"Zitachorwa," bosi akajibu. "Kwenye mpya." Kisha akamgeukia mke wa Disketi, kwa adabu, na ile adabu ndiyo iliyouma zaidi. "Mama, mwisho wa mwezi tutaagana vizuri."

Walirudi nyumbani kwa miguu. Jikoni, Disketi akashindwa kuvumilia.

"Ile ya kumi na mbili, sijui ilikuwaje."

"Ilikwaruza," mkewe akasema. "Niliisikia."

"Uliisikia?"

"Na ya kumi na tatu nikaisikia. Miaka yote hii nasikiliza vitu hivyo, nitakosaje?"

"Sasa mbona hukusema, mama watoto?"

"Niseme nini, na bosi amekaa pale? Kwamba mume wangu hajui kazi?" Alikuwa akikausha sahani, hakugeuka. "Nikasema moyoni, atakumbuka mwenyewe. Kila nikikupa nyingine nasema, hii sasa atakumbuka."

Disketi alivuta kigoda akaketi. Akahesabu bila kutaka. Saba mkewe alikuwa amempa kwa mkono wake, na zote alizisikia zikikwaruza.