Mpunga wa Bwegera ulivyonibadilisha mawazo kuhusu basketi ya vyuo

Habari za humu wakuu, pamoja na nyinyi mnaosoma kimya kimya bila kukomenti. Haya niliyaona kwa macho yangu, sikusimuliwa na mtu.

Mimi ni wa Uvira, naishi Kilibula, nauza vitenge. Ugonjwa wangu ni basketi ya Marekani. Asubuhi kabla sijafungua duka, network ikikubali, naangalia highlights kwenye simu.

Siku zote nilikuwa upande wa timu za kulipwa. Pale nyota anachukua mpira, wenzake wanampisha, anarusha kutoka mbali na unaingia. Timu za vyuo nilikuwa naziita watoto wa shule: pasi nyingi, kelele nyingi, na wakifungwa wanalia.

(Kulia kwao bado naona kunazidi. Hapo sijabadilika.)

Sasa dada yangu Mapendo analima mpunga Bwegera, kwenye bonde la Ruzizi. Binti yake Riziki alikuwa amemaliza sekondari, mrefu hadi anainama mlangoni. Chuo kimoja cha mjini kilikuwa kinatafuta wasichana wa timu yake, na wanaochaguliwa wanasoma bila kulipa.

Dada alishasema wazi: akikosa nafasi hiyo, Riziki anabaki shambani.

Kochi wa chuo akakubali kwenda kumwona Jumamosi. Nikampigia Riziki, nikamwambia asicheze kitoto, acheze kama wa kulipwa. Achukue mpira peke yake, arushe kutoka mbali, kochi amwone.

Tulipofika na kochi, nusu ya uwanja imeanikwa mpunga.

Ulikuwa wakati wa mavuno, na uwanja wa parokia ndiyo sementi nzuri pekee pale. Nikakimbia kumbembeleza mwenye mpunga, mama mmoja anaitwa Mama Sifa. Hakuinua hata kichwa.

"Mupunga yangu haitoke hapa. Ikilala na maji, weye utanipa ingine?"

Basi wasichana wakacheza kwenye nusu iliyobaki, kikapu kimoja.

Hapa lazima niwaeleze sheria ya Bwegera, maana hata mimi nilikuwa siijui. Mpira ukiingia kwenye mpunga, aliyeupeleka anatoka mchezoni, anavua viatu, anaugeuza mpunga kwa miguu ukauke pande zote, kwenda na kurudi. Ndiyo kodi ya uwanja. Wenzake wanaendelea pungufu.

Riziki akanisikiliza. Mpira wa kwanza aliopata akaurusha kutoka mbali. Ukagonga chuma, ukaruka hadi katikati ya mpunga.

Akavua viatu, akaingia kwenye mpunga.

Wakuu, kochi ametoka mjini kuja kumwona akicheza, na yeye anaburuta miguu kwenye mpunga! Nilitamani kurudi Kilibula kwa miguu. Kochi akaniuliza yule anafanya nini, nikamweleza kwa sauti ndogo. Kilichonishangaza ni kwamba hakuangalia tena mchezo, alikuwa anamwangalia Riziki.

Riziki aliporudi mchezoni hakutazama tena upande wangu. Akaanza kucheza kwa mtindo wa kwao: pasi fupi, mpira unadakwa kwa mikono miwili, harushi mpaka awe karibu na kikapu.

Mwisho mwisho, pasi mbaya ya mwenzake ikawa inaelekea kwenye mpunga. Riziki akaruka, akaudaka hewani, akaurudisha uwanjani, yeye mwenyewe akaanguka kifudifudi juu ya mpunga. Mwenzake akafunga.

Wote tukamtazama Mama Sifa.

"Sheria iko ya mupira, haiko ya muntu," akasema. "Lakini ukusanye ile umemwanga."

Kochi akacheka. Kabla ya kupanda gari akamwambia dada aanze kuandaa mizigo ya mtoto. Dada alikaa palepale kwenye sementi, akalia. Na mimi niliyewacheka wa vyuo kwa kulia, ikabidi nigeukie ukuta wa parokia.

Tangu siku hiyo naangalia mechi za vyuo kwa udadisi mwingine. Naona nyota akifanya ujinga, kochi anamkalisha benchi, na anakaa. Kwenye timu za kulipwa, nyota huyo huyo anarudishiwa mpira. Nilikuwa nayaona haya yote, ila sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Wiki iliyopita nilienda kuangalia mechi ya Riziki mjini. Uwanja msafi, hakuna hata punje. Akarusha kutoka mbali, mpira ukagonga chuma ukatoka nje.

Riziki akaenda pembeni, akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.

Kisha akakumbuka yuko wapi. Watu wakacheka sana. Mimi sikuweza.

Nilichojifunza ni kwamba mtu anacheza na wenzake vizuri akishajua uwanja si wake peke yake. Sasa nyinyi mnaofuatilia vyuo vya Marekani kuliko mimi, nijibuni bila kunitania: wale vijana wa kule, mpunga wao ni nini?